Dereva Aliyesema Anaogopa

Habari ya kifo chake nilipewa na mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, nikiwa dukani Nangurukuru nanunua sabuni. Kwenye simu hakuzunguka. Mzee amefariki alfajiri, ni presha, maziko kesho adhuhuri kwao Rondo. Mwili na mama wanatangulia leo. Yeye na mkewe watapita kesho asubuhi na mapema na gari la mzee, kama nataka nafasi niseme. Nikasema nataka. Sabuni niliiacha palepale juu ya kaunta. Nilitoka nje nikiwa na huzuni, lakini Mungu anisamehe, chini ya huzuni ile kulikuwa na kitu kingine: nililiogopa lile gari bila yeye.

Sitamtaja jina, ingawa wengi mnaosoma safu hii huku Kilwa mlishapanda gari lake. Lilikuwa gari la zamani la mabenchi nyuma, lililopakwa rangi mara nyingi hadi hakuna aliyekumbuka lilizaliwa na rangi gani, na alilikodisha kwa safari ambazo wenye magari mapya walizikataa. Jambo moja lilimtofautisha na madereva wote niliowahi kuwajua. Alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Kabla ya safari aliweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, akainama kuchungulia chini, akasikiliza injini, kisha akawageukia abiria na kuwaambia kwa utulivu kabisa ni kitu gani anakiogopa siku hiyo. Wapo walioshuka na kutafuta usafiri mwingine. Vijana wa stendi walimcheka mpaka wakachoka.

Gari hilo lilikuwa na ugonjwa wa hita. Kwa asiyejua, hita ni kama rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya gari. Maji ya moto ya injini hupita humo, feni hulipuliza lile joto kwa abiria, na koki ndiyo inayoyaruhusu au kuyazuia maji. Koki yake ilikuwa imechoka. Kishikio kimefungwa, lakini joto linaendelea kuchoma miguu ya watu, na pwani hii yetu jua peke yake linatosha. Fundi wa Lindi alimpa dawa inayotumika huku kote: ng'oa koki, unganisha mipira miwili ya maji, sahau hita. Nani anataka joto Lindi? Mzee alikataa katakata. Akaomba koki isafishwe, waya wake uvutwe upya, na kama haitoshi ataagiza nyingine Dar. Fundi alinisimulia kisa hicho akicheka, akasema mzee anaogopa hata baridi ya Kilwa.

Maana ya ubishi ule niliielewa kwenye njia ya Likawage. Mdogo wangu wa kike ameolewa huko, mumewe ni mkulima wa ufuta. Siku hiyo uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki, na nesi wa zahanati akasema wazi kwamba hapa tusipoteze muda, apelekwe hospitali ya wilaya. Nilimfuata mzee, tukaenda kumchukua. Kurudi tulikuwa wanne: mzee, mimi, mgonjwa amelazwa benchi la nyuma, na mama mkwe wake amempakata kichwa. Ilikuwa kiangazi, mchana, mchanga mzito, gari linajikokota kwa gia ndogo. Pande zote pori, na njiani tulikuwa tumeshakanyaga mavi ya tembo ambayo hayajakauka.

Katikati ya pori mzee akasema, "Naogopa. Mshale wa joto unapanda."

Mama mkwe alikasirika. Akamuuliza ni dereva gani anamwambia mgonjwa maneno kama hayo. Mzee hakugeuka wala hakupandisha sauti. "Naogopa kwa sababu nauona, mama. Wewe huko nyuma huuoni."

Kisha akatueleza mambo yalivyo, na hofu yake ikawa yetu sote. Injini ikichemsha, gari litakufa hapahapa, na hakuna atakayepita leo. Tukizima na kusubiri ipoe, tutakaa muda mrefu ambao mgonjwa hana. Njia iliyobaki ni kufungua hita yote na feni yake, joto litolewe kwenye injini liletwe ndani, kwetu. Hapo akageuza shingo, akamtazama mdogo wangu.

"Binti yangu, litakuwa joto kali. Utaliweza?"

Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Akasema, "Fungua tu, baba."

Mzee akavuta kishikio, na hakuna kilichotokea. Waya ulikuwa umechomoka kwenye koki. Alisimamisha gari, akaiacha injini ikinguruma, akafungua boneti. Nilimshikia tambara. Mipira ile ilikuwa imetuna, na nilijua mmoja ukipasuka maji yanayochemka yatatukuta usoni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hakuificha. Aliisukuma koki kwa koleo polepole hadi ikafunguka, akaifunga kwa kipande cha waya isirudi, tukaondoka.

Siwezi kuieleza vizuri safari iliyobaki. Madirisha yote wazi, na bado ndani mlikuwa tanuri. Mama mkwe alimpepea mgonjwa kwa khanga iliyolowa na kumwagia maji kifuani mpaka maji yakaisha. Kila mdogo wangu aliponyamaza nilifikiri amekufa, na kila alipolia nilifikiri anakufa. Mzee alikuwa akiusoma mshale kwa sauti, bila kukoma: umesimama, umeshuka kidogo, unapanda tena, umeshuka. Mwanzoni nilitamani anyamaze. Baadaye niligundua kwamba sauti ile ndiyo niliyoishikilia, maana nilijua akiacha kusema ni kwamba hakuna tena la kufanya. Tulifika. Mdogo wangu alipasuliwa jioni ile, na mtoto sasa anasoma.

Siku hizi tuna lami na magari yanayokwenda kasi, na kuna kitu tumekipoteza ambacho sijui kama tuliwahi kukithamini. Dereva anapita gari jingine kwenye kona huku simu iko sikioni, na abiria wote nyuma wameng'ang'ania viti, kimya. Akitokea wa kusema, ataambiwa ashuke. Wala si barabarani tu. Fundi wa umeme anapanda nguzo asiyoiamini, nahodha wa boti ya Songo Songo anajaza watu huku anaiona bahari, karani anatia saini jambo linalomnyima usingizi, na wote wanakaza uso kwa sababu mwanamume haogopi. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye vikao ambavyo kila mtu aliogopa na kila mtu akapiga makofi.

Asubuhi ya maziko mkwewe alinipitia. Ni kijana mpole, mchapakazi, na mkewe alikaa nyuma na mikeka. Tulipoanza kupanda kuelekea Rondo niliutazama mshale, nikaona unapanda nao. Nikanyoosha mkono kwenye kishikio cha hita, kikacheza ovyo, hakikushika kitu. Nikamuuliza. Akasema mzee alipolazwa hospitali, yeye alilipeleka gari kwa fundi, na fundi akaing'oa ile koki, maana abiria walilalamikia joto. Akaendelea kuendesha. Mshale ukaendelea kupanda. Niliisikia pumzi ya binti wa mzee nyuma yangu.

"Naogopa," nikasema.

"Mimi naogopa tangu tulipoanza kupanda," akasema yule binti.

Mumewe akaondoa mguu kwenye mafuta. "Mimi tangu Lindi," akasema, akaegesha pembeni na kuzima injini.

Tulikaa kando ya njia mpaka injini ikapoa, binti akilia kwa kuhofia kwamba baba yake atazikwa bila yeye. Huko Rondo walitusubiri. Watani wa mzee, wenye ruhusa ya kumtania hata msibani, walikuwa wameshaanza kazi yao: mmoja ameketi juu ya kinu kilicholazwa, kashika ungo kama usukani, shingo kainyoosha mbele, anawatangazia waombolezaji kwamba marehemu anaogopa kuingia kaburini kabla hajakagua kina chake. Watu walicheka huku wanalia. Binti naye alicheka, kisha akaniegemea.

Nilichojifunza kwa mzee yule ni kwamba hofu ikisemwa mapema hukuta bado kuna koki ya kufungua, au walau pa kuegesha. Ikinyamaziwa, inabaki kazi ya kusubiri tu.

Wakati wa kurudi, kabla hatujapanda, mkwewe alilizunguka gari. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, akainama akachungulia magurudumu, kisha akatugeukia.

"Huu mteremko naogopa breki," akasema. "Nitakwenda taratibu."

Tukapanda.