Fundi wa Masii anayemtafuta mtoto wa punda

Saa nne kasoro kumi asubuhi, Kaluki Mwanzia ameketi karibu na dirisha la chumba cha mwisho katika Shule ya Msingi ya Kwa Nzomo, nje ya soko la Masii, Kaunti ya Machakos. Mkononi ana sindano kubwa ya kushonea magunia. Mezani kuna kitabu kilichofumuliwa, kurasa zake zimetandazwa moja moja kama nguo zinazosubiri kupigwa pasi.

Anaokota ukurasa wa tisa, anauinua kwenye mwanga, anaugeuza, kisha anaurudisha.

"Hii kitabu haikuwa mbaya," anasema. "Ni mimi niliifumua. Nilikuwa natafuta mtoto wa punda."

Anacheka kidogo, halafu anaacha.

Kaluki, 47, si mwalimu, wala hakusomea kazi ya maktaba. Ni fundi cherehani. Aliacha shule akiwa kidato cha pili na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akishona sare sokoni Masii. Miaka minne iliyopita alileta sweta za wanafunzi hapa, akakuta katoni ya vitabu vilivyoraruka mlangoni kwa mwalimu mkuu.

"Nikauliza, hizi zinaenda wapi? Wakasema zinaenda kuchomwa. Nikasema, ngojeni, mimi naweza kuzishona."

Alibandika kurasa kwa uji mzito wa unga wa ngano na kushona migongo kwa uzi wa viatu. Katoni ilipokwisha, akapewa ufunguo wa chumba. Leo kuna vitabu 412, na 163 kati yake vimepita kwenye sindano yake. Wazazi huchanga Sh5,500 kwa mwezi kumlipa. Jioni hurudi kwenye cherehani yake.

Mwaka wa kwanza watoto walichukua vitabu na kuvirudisha bila kuvifungua. "Kitabu kinarudi kisafi kuliko kilivyoenda," anakumbuka. Ndipo akaweka sheria yake: hupati kitabu cha pili mpaka umsimulie cha kwanza kwa maneno yako mwenyewe. Ukisimulia, anaandika jina lako kwenye daftari na kukupa kifungo kimoja kutoka kwenye mkebe wake wa ufundi.

Kifungo si kitu kidogo hapa. Mashati mengi huja shuleni yamefungwa kwa pini, au hayajafungwa kabisa. Ndani ya muhula mmoja foleni ilifika hadi kwenye bendera, na vifua vilivyokuwa wazi vikaanza kufungwa kwa vifungo vyekundu, vya kijani, vya koti la mtu mzima.

Lakini mwaka huu chumba hicho kilianza kutakiwa na wengine.

"Niko na watoto hamsini na wawili wa Gredi ya Tisa wanaosomea kwa ukumbi wa chakula," anaeleza mwalimu mkuu, Bw. Musembi. "Moshi wa jikoni unaingia, wanafanya hesabu wakikohoa. Mimi sichukii vitabu. Lakini nitamwambia nini mzazi, kwamba kabati liko na chumba na mtoto wake hana?"

Aliahidi kulipeleka suala hilo kwa bodi ya shule. Kama daftari la Kaluki lingeonyesha kwamba watoto wanasoma, chumba kingebaki maktaba. Kama sivyo, madawati yangeingia.

Wakati huo kitabu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa hiki kilichofumuliwa, chenye kurasa kumi na sita. Kinasimulia juu ya punda jike wa kubeba maji ambaye siku moja analala katikati ya njia na kukataa kuamka. Mwenye punda anambembeleza, anampiga, anamwimbia, mwisho anamwacha hapo. Asubuhi punda anaamka mwenyewe na kwenda mtoni. Kitabu kinaishia hapo.

Mtoto wa kwanza kukisimulia alisema punda aliamka kwa sababu mtoto wake aliletwa kumlamba sikio. Kaluki alidhani amechanganya hadithi. Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu pia.

"Wa tisa aliponiambia huyo mtoto ako na doa jeupe kwa paji la uso, nikaogopa," anasema. "Nikajua nimepoteza ukurasa nikishona. Nikasema, Kaluki, umeharibu kazi ya mtu."

Aliutafuta ukurasa huo chini ya kabati. Akapekua gunia la vipande vya vitambaa nyumbani kwake. Mwishowe akachukua wembe na kukata uzi wake mwenyewe. Kurasa zilikuwa kumi na sita, namba zikifuatana bila pengo.

"Nilihesabu mara tatu. Sikuelewa kitu."

Jibu alilipata siku nne kabla ya mkutano wa bodi, alipokwenda kunawa gundi mikononi wakati wa mapumziko. Nyuma ya tangi la maji aliwakuta watoto wameketi chini kwa mistari, kama kanisani. Mbele yao alisimama Kalunde, msichana wa miaka kumi wa Gredi ya Nne, akisimulia habari za punda kwa Kikamba. Alipofika kwa mtoto wa punda, wadogo wote wakalia pamoja kama punda.

Pembeni palikuwa na mtungi wa Kalunde. Kila mwanafunzi hapa huja na lita tano za maji ya jikoni kutoka nyumbani. Kwa wiki mbili Kalunde hakuwa amebeba mtungi wake. Walibeba wasikilizaji, kwa zamu.

"Kalunde, unafanya nini?" Kaluki aliuliza.

"Nawasomea, mwalimu."

"Na kitabu iko wapi?"

"Iko kwa kichwa."

Watoto wakacheka. Kaluki hakucheka.

"Na huyo mtoto wa punda umemtoa wapi?"

Kalunde akaangalia viatu vyake. "Kitabu haisemi kwa nini punda aliamka. Hawa wakaniuliza. Sasa ningewaambia sijui?"

Msichana mmoja wa Gredi ya Tatu, ambaye shati lake lilikuwa na vifungo vingi kuliko matundu, akainua mkono. "Mwalimu, usimchape. Yeye ndiye hutusomea. Wewe hutupatia tu vifungo."

Kaluki alirudi chumbani na kufungua daftari. Kwa kitabu hicho kulikuwa na majina 38. Aliyekisoma alikuwa mmoja.

"Sikujua kama nimeibiwa ama nimepewa zawadi," anasema. "Hata sasa sijui. Hao watoto walikuwa wanasimulia vizuri, wananiangalia kwa macho. Lakini mimi nilikuwa nimeandika 'amesoma'."

Ijumaa iliyopita bodi ilikutana. Bw. Musembi alikuwa amemrahisishia kazi. "Mama Mwelu, leta tu daftari," alimwambia, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Daftari litaongea."

Kaluki alilileta, lakini hakuliacha liongee. Alisimama akaeleza habari za tangi, za mtungi na za mtoto wa punda.

Mwenyekiti, Mzee Kiema, alivua miwani. "Ngoja kwanza, mama. Hawa watoto wanasoma ama hawasomi?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Wanaosoma ni wangapi?"

"Ninayemjua ni mmoja."

"Sasa mbona unajishtaki na hakuna mtu amekushtaki?"

"Kwa sababu ni mimi niliandika."

Mjumbe mmoja alisema mambo yamekwisha, madawati yaingie Jumatatu. Ndipo Kalondu, muuza mboga anayewakilisha wazazi, akaomba kusema. Mtoto wake yuko Gredi ya Pili na bado hajajua kusoma vizuri.

"Kila jioni ananisimulia huyo punda mpaka sufuria inaungua," alisema. "Na juzi ameshika pakiti ya unga ananiuliza, mama, hapa wameandika nini? Zamani alikuwa anauliza tu kama unga uko."

Wajumbe walicheka, kisha wakatazamana. Mzee Kiema alitoa uamuzi ambao, kwa maneno yake, haukumridhisha hata yeye. Siku ya kufunga muhula, wiki tano kutoka sasa, bodi itakuja kuketi katika chumba hiki. Itachagua majina kwenye daftari, na kila atakayeitwa atasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Wakishindwa, madawati yataingia siku hiyo hiyo.

"Hata mimi sijui niombee nini," anakiri Bw. Musembi.

Kando ya kurasa zilizotandazwa mezani kuna karatasi nyingine, iliyokatwa kwa kipimo kile kile. Ina mwandiko wa Kalunde na mchoro wa mtoto wa punda mwenye doa jeupe. Kaluki ndiye aliyemwomba aiandike.

"Nikiishona hapa katikati, nimemdanganya aliyetunga kitabu," anasema. "Nisipoishona, watoto watasema kitabu imeharibika. Wewe ungefanya nini?"

Kengele ya mapumziko inalia. Anayeingia wa kwanza ni Rahmo Abukar, mwenye miaka saba, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi pale Masii.

"Mwalimu, nataka ya punda."

"Haijashonwa, mama. Kuja kesho."

"Nitasoma tu hivyo."

Kaluki anaifunika karatasi ya Kalunde kwa kiganja. Rahmo anapiga magoti juu ya kiti na kuweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Pu-nda. A-ka-la-la. Anakwama, anarudi nyuma, anasonga. Nje wenzake wanapiga kelele za mpira. Kaluki hamsaidii hata neno moja, ila midomo yake inatembea pamoja na ya mtoto.

Rahmo anafika ukurasa wa kumi na sita. Anaugeuza. Nyuma hakuna kitu.

"Mtoto wake ako wapi?"

"Nani alikuambia kuna mtoto?"

"Kalunde."

"Hata mimi nilimtafuta," Kaluki anamwambia. "Sikumwona."

Rahmo anamtazama kwa huruma. "Hukutafuta vizuri," anasema, na kurudi ukurasa wa kwanza.

Kaluki anaichukua karatasi ya Kalunde, anaikunja mara mbili, anaiweka ndani ya mkebe wa vifungo na kuufunika.

"Nitaongea na Kalunde," anasema, akitia uzi kwenye sindano. "Aendelee pale kwa tangi, lakini akiwa na kitabu mkononi. Awasomee mpaka pale punda amelala, halafu afunge. Anayetaka kujua kama ataamka, akuje hapa."

Na wiki tano zitatosha?

"Sijui," anasema. "Lakini Mzee Kiema aliuliza ni wangapi. Leo wako wawili."

Kengele ya kurudi darasani inalia. Rahmo yuko ukurasa wa tatu, na Kaluki anasubiri na sindano yake, kwa sababu kurasa bado zinatumika.