Ufunguo wa Dirishani

Twalib alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona, bali ule wa kuamka nao. Tangu asubuhi alikuwa amejikunja chini ya usukani wa magari ya watu, Mbegani kisha mjini, akichonga funguo mpya na kuzitambulisha kwenye mtambo wa gari wa kuzuia wizi. Bagamoyo nzima, mtu akipoteza ufunguo anaitwa yeye, na kila mmoja ana haraka zake.

Mteja wa mwisho alikuwa Hamidu. Alimpeleka uani kwa marehemu kaka yake, Yahya, ilipoegeshwa gari aina ya Noah.

"Funguo zote zimepotea, fundi. Futa za zamani, nipe mmoja mpya. Naipeleka Miono nikaitunze."

"Mwenye nyumba anajua?"

"Shemeji Kibibi yumo eda. Utamwita mjane atoke kwa ajili ya gari?"

Twalib akaona haya, na uchovu ukamsaidia kuyaona upesi. Akachomeka mashine yake, akafuta, akatambulisha ufunguo mpya. Injini ikawaka. Hamidu akaizima, akautia ufunguo mfukoni, akaenda nje kupiga simu huku akichekacheka.

Ndipo Twalib alipoinua macho. Kwenye nondo za dirisha palikuwa na mkono, umetoka katika nguo nyeupe za eda, umeshika ufunguo wa gari. Kidole kilibonyeza rimoti, kikabonyeza tena. Noah, ambayo asubuhi ingeitikia kwa taa zote, ilinyamaza kimya. Mkono uliendelea kubonyeza.

Moyo ukamwuma. Mirathi haijagawiwa, na yeye ndiye aliyemfungia mjane gari lake.

Akasogea dirishani, macho chini. "Pole na msiba, dada. Niazime huo ufunguo."

"Gari hilo ndilo walilobaki nalo wanangu, kaka," sauti ikasema taratibu. Ufunguo ukawekwa ukingoni mwa dirisha.

Mgongo ukiwaka moto, akajikunja tena chini ya usukani. Akafuta upya, akautambulisha ule wa Kibibi peke yake, akaurudisha dirishani.

Hamidu aliporudi alipanda, akazungusha ufunguo wake mpya. Injini ikagoma. Akazungusha tena.

"Fundi! Mbona haiwaki?"

Kutoka dirishani mtu alibonyeza, na taa za Noah zikapepesa.

"Si ulisema ufunguo umepotea?" Twalib akajibu, akikusanya nyaya zake. "Basi umeonekana."