Tulipopitia Milano

Kaka yangu hawezi kuona muda umekaa bure. Akiuona tu, huujaza picha. Tulikuwa tunarudi kwetu Ibra, Oman, kutoka Ureno, nilikokwenda kumwona mwanangu anayesoma huko, na tiketi zetu zilitutaka tusubiri Milano saa kumi nzima kabla ya kupanda ndege ya Maskati. Mtu mwenye akili angesema alhamdulilahi, tuna kazi moja ya kufanya na wakati wa kuifanya tunao. Yeye alinionyesha kwenye simu video za watu wenye kaptula wakieleza namna ya kuumaliza mji mzima kati ya ndege na ndege, kana kwamba mji ni sahani ya wali.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Dada yake baba anaishi Milano. Aliolewa Unguja, bado msichana, na daktari wa Kitaliano. Yule bwana alisilimu, lakini babu hakutaka kusikia. Alikataza jina la binti yake lisitajwe nyumbani, akafa hajalitaja. Sisi wengine tulihamia Oman, na baba akaendelea kuitii amri ya maiti kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka huu moyo ulimlaza hospitali. Alipotoka alituita, akasema tukipita Milano twende kwa shangazi yetu tumwambie ana kwa ana kwamba ndugu yake anamtaka aje Ibra, waonane kabla mmoja wao hajaondoka. Kwa simu hakutaka. Ujumbe alimpa kaka, kwa kuwa ni mwanamume na ni mkubwa. Mimi niliachiwa kutafuta namba na kumwarifu shangazi kwamba tutafika saa tano asubuhi.

Saa tano tulikuwa kwenye foleni ya kanisa kuu. Sina ugomvi na kanisa. Jiwe limechongwa vizuri, na waliolichonga hawakuwa na haraka. Ugomvi wangu ni na wale walioligeuzia mgongo wakajipiga picha, kaka yangu akiwa mmoja wao. Kutoka hapo tukaingia jumba la maduka lenye paa la vioo. Sakafuni kuna picha ya fahali, na watu wazima wanasubiri zamu wamkanyage mahali ambapo angepaficha kama angekuwa na suruali, kisha wazunguke kwa kisigino mara tatu wapate bahati. Kaka, ambaye kwao Nizwa humkemea mtu akifunga uzi wa kinga mkononi, alizunguka mara tatu. Akaniomba nimpige picha. Nilimpiga akiwa amefumba macho.

Halafu aiskrimu. Aliinunua, akaishika, ndipo akaanza kumuuliza muuzaji kwa Kiarabu kama ndani mna nguruwe.

"Shangazi anatungoja," nikamwambia.

"Ya ukhti, saa kumi tunayo. Kwa nini haraka?"

Lazima nimweleze huyu bwana. Ni kaka wa baba mmoja. Mama yake ni Mwarabu wa Nizwa, na alilelewa huko kwa wajomba zake. Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Mimi nimelelewa Ibra na bibi yangu mzaa baba, ambaye hadi anakufa aliiita Oman "huku mlikonileta." Kwa hiyo tulipofika mlangoni kwa shangazi, saa saba, tumechelewa saa mbili, hatukuwa watu wawili wa nyumba moja ingawa tulifanana pua.

Alifungua mwenyewe. Kibibi kifupi, amejitupia kanga mabegani juu ya sweta. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Karibuni, wanangu. Karibuni ndani. Kaeni, kaeni."

Tukakaa. Akaingia ndani, akarudi na chetezo kinafuka moshi wa udi, akakizungusha kwanza mbele ya kaka, kisha mbele yangu.

Kwetu Ibra, na Nizwa ndiyo zaidi, mgeni huanza kwa tende na kahawa, na mwenye haja yake huitaja baada ya kahawa, si kabla. Udi ni wa mwisho. Ukipitishiwa udi, umeambiwa kwa adabu zote uondoke. Kaka akajifukiza ndevu, akainuka.

"Jazaki Allah kheir, shangazi. Sisi nakwenda sasa."

"Mnakwenda wapi? Si ndiyo kwanza mmefika!"

"La, la. Ndege, shangazi."

Kaka akayachukulia maneno yake kuwa heshima ya mdomo tu, kama wenyeji wetu wanavyomng'ang'ania mgeni huku wameshafungua mlango. Shangazi akanitazama mimi. Nyuma yake, chumba cha pili, niliona meza imefunikwa vitambaa, sahani kwa sahani, chakula cha watu kumi.

"Haya," akasema. "Kama nyumba yangu haikaliki, sikulazimishini."

Tulipofika barabarani kaka alikuwa amefura. "Umeona? Hata qahwa hakutoa! Ametufukuza. Neno la baba halijatoka, na sasa halitoki."

Mimi nilijua. Bibi aliwasha udi mgeni akiwa bado anavua viatu, na majirani wa Ibra walimcheka mpaka alipokufa. Shangazi hajawahi kuiona Oman. Alitupokea kama alivyofundishwa na mama yake. Kurudi kwake ilikuwa kupanda ghorofa nne tu, na lifti ilikuwepo. Lakini nilikuwa nimemdharau kaka tangu asubuhi, na nilitaka aumalize ujinga wake wote, akausimulie mbele ya baba kwa mdomo wake mwenyewe. Tukaenda uwanja wa ndege, tukangoja ndege saa tatu, nami sikumweleza.

Tulipofika Ibra akausimulia. Baba alikuwa ameegemea mto, kikombe mkononi.

"Udi aliuleta lini?" akauliza.

"Tulipokaa tu, baba."

Baba akaweka kikombe chini. Hakumtazama kaka hata kidogo, alinitazama mimi.

"Wewe umelelewa na mama yangu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, baba."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, maana hakupandisha sauti. Aliomba ile namba, nikampigia, nikamwekea simu kwa sauti ya wazi.

"Dada, shikamoo," akasema. "Nilikuletea wajinga wawili. Wa kiume hakujua. Wa kike alijua, akanyamaza. Niliwatuma wakwambie uje."

Kisha sauti ya shangazi, ndogo:

"Nilipika tangu alfajiri. Kwa nini alinyamaza?"

Baba akanisukumia simu.

"Mjibu," akasema.