Kumshusha Bibi kutoka Dindira kwa Lori la Jeshi

Bibi Zaina, mama wa mama yangu, alikubali kuhamia kwetu Handeni kwa sharti moja: vitu vyake vyote vishuke pamoja naye, kwa safari moja. Magoti yake yamechoka na kilima cha Dindira. Mwaka jana fuso ya kukodi ilikwama kwenye tope chini ya nyumba yake, naye akafungua mizigo, akasema Mungu hataki ahame. Ikishindikana mara ya pili, alituambia, asiulizwe tena. Kauli hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Gari la kazi hiyo nilikuwa nalo: lori kuukuu la jeshi, magurudumu sita yote yanavuta, nililolipata mnadani likiwa haliwaki. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kufungua, kuharibu na kufunga tena. Nilifupisha bodi, nikaongeza kiti kirefu ndani ya kabini, na kwa kuwa raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi, nikalipaka bluu. Nakiri kwamba rangi ndiyo iliyonipa raha kuliko yote. Nilipaka hadi uvunguni, mara mbili, mahali ambapo wa kupaona ni kuku tu.

Handeni tuliondoka alfajiri, mimi na rafiki yangu Shabani, aliyekubali kuwa utingo.

"Fundi, hizo nati za tairi umezikaza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi nimekuona mara tatu, na nimeamka sasa hivi."

Njiani nilisikiliza kila mlio kama mzazi wa mtoto mwenye kikohozi. Lori lilikwenda vizuri. Mashamba ya mkonge yakapita, nikaanza kupiga mluzi.

Old Korogwe tulisimama kunywa chai. Nikazunguka nikigusa magurudumu kwa kiganja. Joto lilikuwa sawa kote. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri usafiri alilitazama lori kwa makini.

"Hili si la jeshi hili?"

"Shikamoo mzee. Lilikuwa. Limestaafu," Shabani akajibu.

"Marahaba. Na mafao yake limepewa?"

"Limepewa rangi."

Kuanzia hapo ni kupanda. Nikaingiza gia nzito, na lori likaukwea mlima likinguruma, mashamba ya chai upande mmoja, korongo upande mwingine. Kwenye tope lililoishinda fuso niliyaunganisha magurudumu yote sita. Tulipita bila kuteleza. Shabani akalipigapiga lori mlangoni, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Dindira, saa nne asubuhi. Bibi alikuwa mlangoni, mizigo imefungwa tayari: kitanda, kabati, pipa la maji, kuku wawili ndani ya tenga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Limefika lenyewe au mmelisukuma?"

Nikageuka kulitazama lori. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linatiririsha oili. Nikaingia uvunguni, nikalegeza kizibo cha difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na pumzi ikatoka kwa nguvu: fyuuu. Nikajua papo hapo. Juu ya difu pana tundu dogo la kupumulia. Oili ikipata moto mlimani, hewa hutokea hapo. Tundu langu lilikuwa bluu, laini, limezibwa vizuri kabisa. Hewa ilipokosa njia, iliisukuma oili ikapenya sili, ule mpira unaoizuia, hadi kwenye breki.

Ningeweza kusema ni jambo dogo tu. Lakini mteremko ule, na Bibi akiwa ndani?

"Bibi, breki moja imelowa oili. Kosa ni langu. Nimeziba tundu kwa rangi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka lipendeze."

Akanitazama, kisha akalitazama gurudumu. "Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Nimebeba sili na breki shuu za akiba. Nikiridhika, tutashuka. Nisiporidhika, hatushuki."

Woga wangu ndio uliobeba vipuri vile, na siku hiyo niliushukuru.

Nikamwomba Shabani mawe ya kuzuia magurudumu. Kabla hajageuka, Bibi alikwisha kuingia jikoni. Alitoka na jiwe kifuani, akarudi kuchukua la pili, na la tatu. Yalikuwa mafiga yake, yamemwagiwa maji, bado yana joto.

"Bibi, hata mafiga unahama nayo? Handeni mawe yapo," Shabani akasema.

"Hayanijui. Weka hapo chini ya tairi. Kwangu moto umeshazimwa."

Nilikwangua rangi kwa kisu hadi tundu likapumua, nikabadilisha sili na breki shuu, nikalijaribu lori kwenye kilima mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha tukapakia. Tuliteremka kwa gia nzito, polepole, Bibi katikati yetu akimkosoa Shabani jinsi alivyofunga kabati. Korogwe nilikagua gurudumu: kavu.

Handeni tulifika jua likizama. Bibi alipanga mafiga nyuma ya nyumba kabla ya kuingia ndani. Moja lilikuwa na alama nyeusi ya tairi, nami nikainama na kitambaa changu, mkono ukiniwasha kutaka kuisugua.

"Acha," akasema. "Lete kuni."

Nikakirudisha kitambaa mfukoni, nikaenda kuleta kuni. Siku hizi nikichukua brashi, kwanza naangalia pa kutopaka.