Samaki Aliyekataa Kufa Dakika ya Ishirini na Tano

Watu wa Rulenge wakinicheka habari ya samaki huwa nacheka nao, maana kucheka ni nafuu kuliko kununa, lakini aibu yangu mimi haiko kwa samaki, na leo nitaisema ilipo. Naitwa Gervas, mwalimu wa biolojia, nina miaka kumi na minne kazini, na miaka yote hiyo nimefundisha habari za matumbawe, papa, pweza na mwani huku bahari yenyewe sijawahi kuiona hata kwa dirisha la basi. (Ziwa nimeliona. Nilipokwenda Mwanza nililisogelea mpaka viatu vikalowa, ila ziwa si bahari, na mwalimu wa biolojia anatakiwa alijue hilo kuliko wote.)

Sasa ikaja barua kwa mkuu wa shule, kwamba kuna mtafiti wa viumbe wa bahari, Dokta Rehema, mama wa pwani, anazunguka shule za huku bara kuwafundisha watoto utangulizi wa biolojia ya bahari na namna ya kufanya uchunguzi wa kisayansi, na kwa upande wetu atatembelea shule mbili, ya kwetu na nyingine ya kule Runazi, Biharamulo, kila shule imwonyeshe jaribio moja, na itakayomridhisha itatoa mwanafunzi mmoja na mwalimu wake waende pwani wiki nzima, wakae kwenye kituo cha utafiti, waingie majini, wawashike hao wanyama kwa mikono yao. Pale palipoandikwa "na mwalimu wake" nilipasoma mara mbili. Siwafichi, nilianza kuwaza nitavaa nini.

Mwanafunzi wa kumpeleka alikuwa anajulikana. Ni Ansila wa kidato cha tatu, mtoto wa Bukiriro, mkimya, ila ukimuuliza kitu anakujibu kwa alichokiona na si kwa unachotaka kusikia (wakati ule niliihesabu hiyo kuwa kasoro). Isitoshe mama yake anafuga samaki, ana mabwawa mawili ya perege bondeni, kwa hiyo samaki wa jaribio wasingetusumbua. Jaribio nikalichagua mimi mwenyewe: kuonyesha kwamba samaki aliyezoea maji yasiyo na chumvi ukimtia kwenye maji ya chumvi anakufa, kwa sababu chumvi inamnyonya maji ya mwilini. Liko vitabuni, na mtu yeyote anaweza kuliona kwa macho. Nikamwambia Ansila alifanye kwanza nyumbani na aandike kila kitu daftarini.

Baada ya wiki akaniletea daftari ofisini, nami niko na chai ya saa nne na andazi mkononi. Alikuwa amejaribu mara tatu. Ndoo mbili, maji ya bwawa lile lile, ndoo A haina chumvi, ndoo B ina chumvi, vijiko amevihesabu, saa ameziandika, na mara zote tatu samaki wa ndoo B hakufa. Tena chini kabisa ameongeza kwamba chumvi ikiwa kidogo samaki anatulia zaidi, na kwamba mama yake huitia kwenye maji anaposafirisha vifaranga vya samaki.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe halikuchukua hata nusu dakika. Ningeweza kumuuliza vijiko vingapi kwa lita ngapi, swali ambalo hata mtoto wa kidato cha kwanza angeliuliza, lakini nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na chai inapoa, basi nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mstari kutoka kona hadi kona, nikaandika "Si sahihi. Rudia."

"Lakini Mwalimu, hakufa," Ansila akasema.

"Ansila, kitabu kimeandikwa na watu waliosoma kuliko ndoo ya mama yako."

Nikamwelekeza achukue daftari jipya, aandike kwa mwandiko mzuri kwamba samaki B alikufa baada ya dakika ishirini na tano. Akauliza kwa nini ishirini na tano. Nikamwambia thelathini inaonekana kama imekisiwa, ishirini na tano inaonekana kama imepimwa. (Mnacheka. Mimi siku ile nilijiona mjanja wa kutosha kufungua chuo.) Na jioni ya kuamkia ugeni nikachukua karatasi ya manila na maka peni, nikaandika hitimisho lote kwa herufi kubwa, SAMAKI B ALIKUFA BAADA YA DAKIKA 25, nikaibandika ukutani ili kesho nisihangaike mbele ya wageni.

Kesho yake wazazi wakajaa uwanjani chini ya turubai, mkuu wa shule kavaa suti yake ya mahafali, Dokta Rehema kaketi mbele na kitambaa chake cha kichwani, mtu mpole, anamsalimia kila mtu. Mama Ansila akafika kutoka Bukiriro kwa bodaboda na perege wawili kwenye ndoo yenye mfuniko, sketi imelowa hadi magotini. Nikaandaa mabeseni mawili mezani. Beseni B nikalitilia maji ya bwawa yaliyokuja na samaki, nikamimina robo kilo ya chumvi niliyopewa na mpishi. Beseni A, lile lisilo na chumvi, nikalijaza maji ya tangi la shule, kwa sababu maji ya bwawa ni ya tope na nilitaka wageni wamwone vizuri samaki anayeishi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, urembo. Sikukumbuka kwamba asubuhi ile, kwa ajili ya ugeni, tangi lilikuwa limetiwa dawa ya kusafisha maji, tena kwa mkono wa mtu mkarimu.

Tukaanza kuhesabu dakika, na mkuu wa shule akasimama kutambulisha wageni. Ilipofika kama dakika ya kumi na tano nikachungulia. Samaki wa chumvi anazunguka beseni taratibu, mzima wa afya. Samaki wa maji safi kalala ubavu, anafungua mdomo na kuufunga. Dakika ya ishirini akageuka tumbo juu.

Mtu mwenye akili angesema, jamani, limetokea jambo, tulitazame. Mimi niliitazama ile manila. Herufi zilikuwa kubwa mno. Mkuu alikuwa bado anamtambulisha diwani, watu wote wanatazama huko, nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikabandua vile vikaratasi vya A na B vilivyoshikwa na selotepu, nikavibadilisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu ilikuwa na urefu wa meza moja.

Dakika ya ishirini na tano nikasimama na rula yangu. "Kama mnavyoona, samaki B, aliyekuwa kwenye maji ya chumvi, amekufa." Mkuu akawa wa kwanza kupiga makofi na wazazi wakamfuata. Mama Ansila hakupiga. Aliinua mkono.

"Mwalimu, huyo aliyekufa ulimtia kwenye maji ya tangi."

"Hapana, mama, huyu ni B."

"Ni yule mwenye pezi lililochanika. Nimemtoa bwawani mimi mwenyewe."

"Mama, samaki wanafanana."

"Kwako wewe," akasema, akaketi.

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Dokta Rehema akanyanyuka, akasogea mezani bila haraka. "Tusibishane, wazazi wangu," akasema. "Tuonje." Akachovya kidole kwenye beseni lenye kikaratasi cha B, akalamba, akamwita mkuu wa shule naye aonje. Mkuu akachovya kidole chake cha suti ya mahafali, akalamba. "Haina chumvi," akasema, na baada ya kufikiri kidogo, "ina dawa." Akaonja na la pili, akakunja uso kwa chumvi, kisha akanigeukia mimi. Uwanja mzima ukaangua kicheko, wazazi, walimu, diwani, mpaka mpishi aliyesimama mlangoni na mwiko. Samaki wa chumvi akapiga mkia, maji yakaruka yakanilowesha tai, na kicheko kikaanza upya.

Dokta hakucheka. Aliwageukia wanafunzi akawaeleza taratibu kwamba samaki mmoja ameuawa na dawa, kwamba ukitaka kujua kazi ya chumvi lazima kila kitu kingine kifanane, maji yale yale, beseni lile lile, na kwamba perege ni mvumilivu wa chumvi, na chumvi tuliyotia haijafika hata nusu ya ile ya bahari. "Jaribio hili lina majibu mazuri sana," akasema, "kama mtu angeyatazama." Kisha akauliza, "Daftari la jaribio liko wapi?"

Na hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, kwa hiyo nisikilizeni.

Ansila akapeleka lile daftari jipya. Dokta akafungua, akasoma, akamwinamia. "Umeandika dakika ishirini na tano. Ulimwona akifa?"

"Hapana."

"Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi."

"Nani alikwambia uandike hivi?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa na nafasi tele ya kusema neno moja tu, "mimi," na hakuna aliyenizuia. Nilitazama saa yangu ya mkononi kama mtu mwenye kikao kingine. Ansila hakunigeukia hata kidogo.

"Niliandika mwenyewe," akasema.

Dokta Rehema akalifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili.

Safari wakapewa Runazi. Jioni ile nilimpigia Dokta simu, nikamweleza yote, kalamu nyekundu, manila, vikaratasi, na kwamba mtoto alikuwa amepata majibu sahihi kabla sijamkataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu, na nashukuru umesema. Lakini nimeshawaahidi wale." Nikamuuliza, kwa uchungu kidogo, hao wa Runazi walionyesha jaribio gani kubwa hivyo. Akasema walikuwa wanaotesha maharage kwa maji ya chumvi, siku ya nne panya wakala mbegu zote, na daftarini wameandika hivyo hivyo, siku ya nne panya wamekula mbegu.

Jumapili baada ya misa nikaenda Bukiriro. Mama Ansila alinikaribisha kiti, akaniletea uji, akaniacha niseme maneno yangu yote ya kuomba radhi, na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilipomaliza akasema, "Samaki si kitu, Mwalimu, samaki wanazaa. Mwanangu alikuja hapa akalia siku ulipomchorea daftari, nikamwambia nyamaza, mwalimu anajua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilimwambia hivyo." Ansila alikuwa ndani, anasikia. Aliitwa, akaja, akasema shikamoo, nikamwomba radhi na yeye. Akasema haina neno, Mwalimu. Uji ule niliumaliza kwa sababu kuuacha kungekuwa kosa jingine.

Jumatatu nikasimama mbele ya kidato cha tatu nikawasimulia yote, maana nusu yao walikuwa bado wanaamini Ansila ndiye aliyebuni zile dakika. Nikaapa mbele yao kwamba sitamwambia tena mtoto yeyote anachotakiwa kuona, na sitasahihisha kitu ambacho mimi mwenyewe sijakitazama. Walinisikiliza vizuri. Nikajisikia mwepesi, nikajiona nimemaliza deni.

Basi kuonyesha kwamba nasema kweli, nikawapa jaribio papo hapo, jani bichi kwenye glasi ya maji, glasi iko juani dirishani, wakae walitazame na kuandika. Watoto arobaini wakatoa madaftari, wakashika kalamu. Dakika tano zikapita na hakuna aliyeandika hata herufi. Nikawauliza kulikoni. Wakatazamana, kisha mkono mmoja ukainuka, wa Ansila, na hakuwa ananikebehi, namjua, uso wake ulikuwa wa mtoto anayetaka kufanya kazi yake vizuri.

"Mwalimu," akauliza, "tunatakiwa tuone nini?"

Nikamwambia sijui, atazame mwenyewe aniambie. Akaitikia, akainama juu ya daftari, na kalamu ikabaki hewani, akisubiri nimwambie.