Kibuyu Chenye Kilitazama Juu Miaka Ine

Kila siku ya posho, ni kusema jumamosi, asubuhi, moshi unatoka kwa nyumba ya Mama Adolphe pale Saio, mutaa wa Bunia, na si moshi wa kupika. Mupita njia mwenye hajamuzoea anauliza kama nyumba inaungua. Majirani wanamujibu: hapana, ni ule mama anafukiza kibuyu chake cha maziwa. Maziwa ya ng'ombe gani? Ng'ombe hana. Zake kumi na saba zilibaki vilimani siku ya kukimbia vita, na mwenye alizikula alizikula. Lakini kibuyu alikuja nacho mugongoni, kimefungwa na kitenge pahali pa kubeba mutoto. Mutu akimuchekelea juu ya ile, anamutazama tu, mupaka mutu yule anakumbuka kama alikuwa na kazi pahali pengine.

Jina lake la ubatizo ni Immaculée, na hakuna mwenye anamuita vile. Mutoto wake wa kwanza ni Adolphe, basi ni Mama Adolphe, hata kanisani. Wa pili ni Rébecca. Na kile kibuyu ni cha Rébecca.

Rébecca alienda Mongbwalu kupikia wachimba zahabu wali na maharagi. Alisema atarudi kwa Noeli. Noeli ikapita. Telefone yake ikabaki na ile sauti ya mwanamuke mwenye hana haya, kila siku maneno yale yale, kama umuulize asubuhi, kama umuulize jioni. Ikawa mwaka. Sasa ni miaka ine, na kibuyu kiko kwa ukuta, kwa kamba yake, mudomo juu, kifuniko cha majani kichwani sawa kofia. Mama Adolphe anakishusha posho kwa posho, anakilaza, anaingiza ndani kijiti chenye moto, anakisugua, anakirudisha. Kibuyu chenye hakifukizwe kinaoza. Na kibuyu cha mutu mwenye yuko njiani hakiozi. Ndiyo anasema.

Basi ndipo alikuja Ornella.

Ornella ni binti wa Nyakasanza, mutaa mwingine wa Bunia, mwaka wake wa mwisho universite. Kazi yake ilikuwa kuandika namna watu wanaishi kila siku: wanazika namna gani, wanapa watoto majina namna gani, vyombo vinakaa wapi ndani ya nyumba na kwa sababu gani. Alikuwa na kaye, daftari yake ya kuandikia, na telefone ya kukamata sauti. Bibi yake wa kuzaa mama alikuwa mutu wa vile vilima, lakini alikufa mbele hajasema kitu, na mama yake alikulia mujini. Ornella alizunguka nyumba nyingi. Wazee wengine walimwambia uongo kwa sababu alileta sabuni, na mutu akiletewa sabuni anaona haya kusema hajui.

Mama Adolphe alipokea sabuni, akaiweka chini ya kitanda, akasema: "Sasa kaa. Uongo nimewaachia wengine."

Adolphe naye alikuwa pale, kwa mulango, anabandika mupira wa ndani wa moto yake, ile pikipiki. Ni mutu wa maneno kidogo, ule Adolphe. Akisema tatu kwa siku amehubiri.

"Koko," Ornella akauliza, vile bibi anaitwa, "kile kibuyu kwa ukuta, ni cha kupamba nyumba?"

"Kupamba. Umesikia, Adolphe? Kupamba." Akamutazama binti ili aone haya vizuri. "Kwetu, kwa ukoo wetu, kila mwanamuke ana kibuyu chake. Akizaliwa tunapanda mbegu, akipata meno kibuyu kiko tayari. Akisafiri, kinabaki nyumbani, mudomo juu. Maana yake anaishi, anarudi, atakunywa."

"Na akifa kule?"

"Mwenye kuleta habari hasemi. Nani atapata mudomo wa kumwambia mama vile? Anaingia, hapigi hodi, anageuza kibuyu mudomo chini, anatoka. Watu wa nyumba wakiona, wanalia. Imeisha. Siku ine za matanga, kisha tunakipasua."

Ornella alikuwa anaandika mbio. Ni mutoto wa masomo, anataka kujua mupaka kwa mifupa. "Na kikianguka, koko? Mbuzi ikikiangusha?"

"Mbuzi haina mukono. Kuanguka si kugeuzwa."

"Na mutu akigeuza kwa kusahau?"

"Imegeuzwa."

"Hata kama yule mwenye kibuyu iko muzima?"

"Kibuyu hakiulize nani. Shangazi yangu aligeuza cha muke mwenzake. Alisema ni kusahau. Miye najua yule mama, hakuwa mutu wa kusahau. Tukalia. Siku ya pili mwenyewe anarudi kutoka soko na ndizi kichwani, anakuta siye tunamulilia, na shangazi ndiye mwenye sauti kubwa."

Ornella akacheka mupaka bike yake ya kuandika ikaanguka. "Mulifanya nini?"

"Tungefanya nini? Tulimaliza siku ine. Yeye mwenyewe alikaa pale anatusaidia kupika. Kisha tukamunyoa sawa mutoto muchanga, tukamupa jina ingine na mbegu ingine. Desturi si kitenge, eti leo inakubana unaifungua. Hapa mujini watu wanalia siku moja, kesho wako sokoni, wanasema ni vita. Vita, vita. Vita ilichukua ng'ombe zangu. Haikunichukulia akili. Andika ile."

Ornella akaandika. Adolphe akasimama, mupira bado haujashika, akatoka bila neno. Mama yake akamutazama mugongo, akasema tu: "Ule, hata kumuaga mutu hajui."

Ornella alirudi mara ya pili, wakasema juu ya majina. Mara ya tatu alikuja siku ya posho, makusudi, aone kufukiza kwa macho yake. Mama Adolphe alikuwa amevaa kitenge cha misa. Alimuonyesha kila kitu: kijiti cha muti gani, moshi unapaswa kukaa kiasi gani, namna ya kusugua majivu kibuyu kikiwa kimelala juu ya magoti, kama mutoto anapakwa mafuta. Alimuonyesha mushono, pale kibuyu kilipasuka siku ya kukimbia na yeye akakishona kwa nywele za mukia wa ng'ombe. Binti akakamata foto. Kisha Mama Adolphe akakisimamisha juu ya mukeka, wazi, kipumue kidogo, kwa sababu mwenye kuuza mboga za lenga-lenga alikuwa anapita inje, na ule muuzaji anafungaga majani mabaya katikati ya mazuri. Lazima kumusemesha.

Hapo ndipo kamyo moja, gari kubwa la mizigo, ikapita barabarani.

Mutu wa Bunia anajua vumbi yetu. Kamyo moja inapita, na chakula, na kitanda, na meno yako, yote yanakuwa mekundu. Ornella alikulia ndani ya ile vumbi. Tangu anaanza kutembea, mama yake alimufundisha kama kila chombo safi kinafunikwa, kila kikombe kinalala uso chini. Aliona vumbi inaingia kwa dirisha. Aliona kibuyu cha koko kiko wazi, kimetoka kusuguliwa. Na mukono wake ukaenda. Kaye ilikuwa juu ya magoti yake, na desturi yote imeandikwa ndani, na mukono haukuisoma.

Mama Adolphe akarudi na lenga-lenga yake, bado anamutukana muuzaji kwa furaha. Akafika kwa mulango.

Kibuyu kilikuwa kinatazama chini.

Majani yakabaki mukononi. Hakulia, hakuanguka. Aliuliza tu, polepole: "Nani ameingia?"

Ornella akatazama pale macho ya bibi yalikuwa, akaona mukono wake mwenyewe ulifanya nini. "Koko, ni miye. Ni vumbi. Hakuna mutu…"

"Nimekuuliza nani ameingia ndani ya nyumba yangu."

"Hakuna mutu. Ni miye, koko. Nisamehe." Akanyoosha mukono akirudishe.

"Usiguse."

Vumbi ikashuka juu ya kibuyu, juu ya mukeka, juu ya kaye. Kuku ya jirani ikaingia, ikaona, ikatoka. Kisha Mama Adolphe akasema neno lenye hakulisema tangu azaliwe, na akalisema akitazama ukuta:

"Yale nilisema ile siku. Juu ya mukono wenye kugeuza kwa kusahau. Yako ndani ya telefone?"

"Yako, koko."

"Yafute."

"Ndiyo, koko."

"Uandike hivi: mutu wa inje akigeuza, haihesabiwe. Mutu wa masomo. Uandike ni vile wazee walisema."

Ornella akakamata telefone. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Angefuta, alikuwa amekubali, na labda hakuna mutu duniani mwenye angekuja kumupinga, kwa sababu wenye walijua walikuwa wamekwisha, na mwenye kubaki alikuwa ndiye anaomba. Mama Adolphe alijua ile. Ndiyo ilimuuma. Angesema leo kama ng'ombe wanazaa mayai, kesho ingekuwa desturi.

Mbele kidole hakijashuka, moto ya Adolphe ikazima inje. Ilikuwa saa ya kula. Adolphe akaingia, kofia kichwani, akaona kibuyu.

Akavua kofia. Akaketi chini palepale kwa mulango, mutu muzima wa miaka makumi tano, akaanza kulia sawa mutoto mwenye amepigwa na anajua aliyempiga hayuko mbali.

"Nani amekuja, Mama?" akasema. "Ni nani amekuambia?"

Ornella akafungua mudomo aeleze. Mama Adolphe akamunyamazisha kwa mukono.

"Aniambie nini," mama akamuuliza mutoto wake, "huyo mwenye hajakuja?"

Adolphe akamutazama mama yake, akamutazama binti, na akaelewa, lakini alikuwa amechelewa. Maneno yenye alikalia miaka mitatu yakatoka. Ile safari yake ya Mongbwalu, ya kumutafuta dada yake, yenye alirudi akisema hakuna habari, habari ilikuwako. Wamama wenye walipika pamoja na Rébecca walimushika mukono, wakamupeleka nyuma ya kilima, wakamuonyesha pahali. Kaburi moja, watu kumi na moja. Wamama walikuwa wamemuchagulia jiwe lake, la kujulisha ni upande gani.

"Nilirudi nifanye vile inafanywa," Adolphe akasema. "Uliniona, Mama. Niliingia bila hodi."

Aliona. Sasa tusidanganyane, aliona. Miaka mitatu iliyopita mutoto wake aliingia na vumbi ya njia bado kwa nyusi, hakusalimu, akaenda moja kwa moja kwa ukuta, akainua mukono. Na yeye, kwa jiko, bila kugeuka vizuri, akamwambia: "Usiguse, moshi bado haujashika." Mukono ukabaki hewani. Kisha ukashuka. Adolphe akaomba maji, akakunywa, akaketi. Tangu siku ile ndipo maneno yake yalipunguka. Na tangu siku ile ndipo yeye hakukosa kufukiza hata posho moja, hata siku za malaria, hata siku risasi zililia karibu na watu wote wakalala chini ya vitanda.

"Nilikunyima mukono," akamwambia.

Adolphe akapanguza macho na kofia yake.

"Binti. Umefuta?"

"Bado, koko."

"Acha. Ikae vile nilisema." Akavua kitambaa cha kichwa, nywele nyeupe zikaonekana, akaketi juu ya mukeka kando ya kibuyu. "Sasa toka inje, uambie majirani. Weye ndiye umeleta habari."

Ornella akatoka. Hakupata mudomo wa kusema kitu, alisimama tu katikati ya parsele, kwa uwanja wa nyumba, na wamama wakamuona uso, wakaanza kuja na mikeka yao.

Walilia siku ine. Si moja. Ornella alilala pale, alichota maji, alisugua sufuria, na kila sufuria alipoiosha alisimama nayo mukononi hajui ailaze namna gani. Mama Adolphe alinyolewa kichwa. Hakuna mwenye alimusikia kusema "labda". Lile neno lilikuwa limekula naye miaka ine kwa sahani moja, na sasa lilitoka ndani ya nyumba bila kuaga, na pale lilikuwa limekaa hakuna kitu.

Siku ya ine wakaenda kwa njia panda. Adolphe akainua kibuyu kwa mikono mbili, akakipiga chini juu ya jiwe. Kikaruka. Akakipiga tena, kikaruka tena, kikabingirika mupaka miguuni kwa mama yake, kizima, kimekuwa kigumu sawa mufupa kwa sababu ya moshi wa miaka yote ile. Watu wakatazama chini.

"Nilikifukiza vizuri," Mama Adolphe akasema, si kwa mutu.

Akachukua jiwe mwenyewe. Akapiga magoti, akatafuta kwa vidole ule mushono wa nywele za ng'ombe, na pale akapiga. Mara ya tatu kikafunguka. Harufu ikatoka, ya moshi, na chini ya moshi, kidogo sana, maziwa. Akakaa na ile harufu mupaka upepo ukaibeba.

Walipokuwa wanarudi, Ornella alitembea nyuma, kaye kifuani. Mama Adolphe akamungoja.

"Ndani ya ile kitabu yako, umeniandika namna gani?"

"Hatuandikage majina, koko. Ni kanuni. Nimeandika: mama mumoja wa Saio."

"Mama mumoja." Akatembea kidogo. "Kanuni yako naiheshimu, kwa sababu kanuni yangu nami uliiheshimu mupaka ikaniua. Lakini kibuyu hakikuwa cha mama mumoja. Andika Rébecca. Na miye uniandike Mama Rébecca. Hakuna mwenye aliniita vile hata siku moja."

Ornella akasimama njiani, akafungua kaye juu ya goti, akaandika. Mama akabaki amesimama juu yake, anatazama bike inatembea. Herufi anajua chache, lakini ile R alikuwa anaijua, na alingoja mupaka aione.