Makombo ya Baba

Mwaka ule, katika bonde la Kilombero, chakula kilipikwa ndani ya ukungu. Alfajiri, kabla jua halijauchana, moshi wa jiko ulijichanganya nao hata mtu aliyesimama ukingoni asingeweza kusema upi ni moshi na upi ni ukungu. Ukungu ulipoanza kuinuka, moto ulizimwa moshi usije ukaonekana na askari, na dungu lililosimama kwa miguu yake ya miti katikati ya mafuriko na mpunga likabaki kimya, kama kiota kilichohamwa.

Juu ya dungu hilo waliishi watu watatu: mwanamke kijana, binti yake mdogo na mama mkwe wake. Tutamwita kijana huyo Justa na binti yake Brigita, ingawa majina hayo waliyapata kwa ubatizo miaka michache baadaye. Mume wa Justa, Lipangile, alikuwa ameondoka kwenda vitani upande wa Mahenge, maji ya dawa hayajamkauka mwilini. Tangu siku hiyo hapakuwa na habari zake, si za uzima wala za kifo.

Wanajeshi wa Wajerumani walipopita baada ya vita, hawakutafuta wenye mikuki tu. Walitafuta maghala. Wakubwa wao walikuwa wamekwishaamua, kwa akili timamu na kwa matumbo yaliyoshiba, kwamba njaa imalize kazi iliyoanzwa na bunduki. Ghala la Justa, kule Katindiuka, liliwaka mchana kutwa, na harufu yake ilikuwa tamu kama ya bisi. Utamu huo ndio ambao hakuwahi kuwasamehe. Askari mmoja alikanyaga chungu chake cha vitumbua, akaendelea na safari bila hata kutazama chini. Majina ya wakubwa wale yamehifadhiwa vizuri. Chungu hakina aliyekiandika popote.

Na Justa alikuwa mpishi hasa. Wali wake wa tui la karanga uliwafanya wapagazi wa misafara wapitao Ifakara wasahau mizigo yao. Vitumbua alijifunza kwa mwanamke mmoja aliyefuatana na msafara kutoka pwani: mchele unalowekwa, unasagwa, unatiwa togwa ili uumuke, na asali badala ya sukari. Kwenye dungu walikokimbilia hakuwa na hata kimoja. Kwa hiyo alipika kwa maneno.

"Mama, leo tunapika nini?" Brigita aliuliza kila siku moto ukishazimwa.

"Vitumbua. Niletee ule mchele niliouloweka jana."

Mtoto alikinga viganja vitupu, akavibeba kwa uangalifu asije akamwaga. Justa alisaga hewa, akakoroga hewa, akachota na kumimina, na maji ya mafuriko chini yao yakachirizika kati ya mashina ya mpunga kwa sauti iliyofanana kabisa na ya mafuta yanapopokea unga.

"Ongeza asali," mama mkwe alisema kutoka pembeni, macho amefumba. "Mkono wako mchoyo, mwanangu. Hata vitumbua vya hewa unavibania!"

"Mama, asali yenyewe si ya hewa? Jipakulie mwenyewe."

Wakacheka, wakala. Siku zikapita hivyo, kama mtu anayepita usingizini, na ndani ya usingizi huo hakuna aliyekuwa na njaa.

Lakini samaki ndiye aliyekuwa chakula chao cha kweli, na tumbo la Brigita lilikuwa limeanza kumkataa. Kila kipande cha kambale alichomeza kilirudi. Mtoto akawa mwepesi. Justa alipombeba alihisi amebeba nguo. Ikafika siku ambayo Brigita hakuuliza. Ikabidi mama amuulize yeye.

"Leo tunapika nini, mama yangu?"

Brigita aliugeuzia uso ukuta wa matete. "Pika cha kweli," alisema.

Justa akatazama nje. Mpunga ulikuwa umewazunguka pande zote, masuke yameanza kuinama, nusu kijani na nusu dhahabu. Haukuwa umekomaa kiasi cha kuvunwa. Ulikuwa umefikia hali ya pepeta: punje changa zinazokaangwa na maganda yake, zikatwangwa zingali moto hata zikalala bapa, laini, zenye harufu ya majani na maziwa.

"Hapana," alisema mama mkwe, aliyeyafuata macho yake.

"Mama, mtoto anakwisha."

"Namwona. Ila mpunga mpya huonjwa kwanza na mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mwanangu."

"Hayupo."

"Asipokuwepo kwa kusafiri, hungojwa. Asipokuwepo kwa kufa, mama yake huonja kwa niaba yake." Bibi alikaza sauti isimtoroke. "Unataka nionje? Unataka nimzike mwanangu kwa kinywa changu?"

Alfajiri iliyofuata Justa alishuka kwenye mtumbwi, akapotelea ukunguni, akarudi na ungo uliojaa. Mama mkwe alikuwa amempa mgongo. Justa akakaanga punje mpaka zikaanza kupasuka, akazimimina kinuni. Chini ya kinu alikuwa ametandika matete ili mshindo uzame usifike ukingoni.

Pepeta hutwangwa na watu wawili. Mchi mmoja ukiinuka, mwingine unashuka, maana punje zikipoa hazilaliki tena. Huvunjika zikawa chenga. Justa alitwanga peke yake, akiacha mchi ili ageuze, akigeuza huku punje zinapoa.

Mgongo ule ulivumilia, ukavumilia, ukashindwa.

"Unautesa mpunga bure," mama mkwe alifoka, akinyanyuka. "Nani alikufundisha kutwanga, kiboko? Sogea!"

Akashika mchi wa pili. Wakatwanga pamoja bila kutazamana, na kinu kikapata pumzi yake.

"Nimetwanga tu," alisema bibi wakipepeta. "Sijasema italiwa."

Kisha akafanya jambo ambalo Justa hakulitarajia. Alikitoa kigoda cha Lipangile mahali kilipokuwa kimefungwa darini, akakipangusa, akakiweka mlangoni. Akajaza bakuli la mwanawe, akalitua mbele ya kigoda, akakaa chini kwa adabu, kama mwanamke anayemngoja mwanamume amalize kula. Justa naye akakaa. Brigita, akiwa mapajani mwa mama yake, alivuta ile harufu kwa pua na kwa mdomo.

Ukungu uliingia mlangoni, ukakizunguka kigoda, ukakaa kitako, au ndivyo Justa alivyoona. Wakangoja mpaka ulipoinuka ukaondoka.

"Baba Brigita humaliza bakuli?" aliuliza mama mkwe, kana kwamba hakumzaa yeye.

Justa akaelewa. "Hajawahi, mama. Huacha chini makusudi, kwa ajili ya huyu."

"Basi ameshiba. Makombo ya baba ni ya mtoto, tangu dunia iumbwe." Akalisogeza bakuli. "Kula, bibi yangu."

Brigita alikula kidogo, akalala, akaamka akala tena. Chakula kile hakikurudi.

Walipohamia Ifakara, baada ya njaa, desturi ile walihama nayo. Kila mwaka mpunga ulipofikia hali yake, pepeta ya kwanza iliwekwa mbele ya kigoda, nao wakangoja, kisha Brigita akala makombo ya baba yake. Majirani walinong'ona. Mama mkwe aliwajibu kwamba mwanawe ni mlaji wa taratibu.

Hata mwaka mmoja, Wajerumani wangali wanatawala, Brigita alikuwa amekwishakuwa mrefu kuliko mchi. Mkupuo wa kwanza ulikuwa tayari bakulini, na wa pili umo kinuni, mama na binti wakiutwanga. Justa aliacha mchi ili alibebe bakuli. Mkono mkavu wa mama mkwe ukamzuia. Ukachota, ukapeleka kinywani. Bibi alitafuna polepole, kwa fizi, macho yake yakiwa mahali mbali penye maji mengi.

"Mpunga mwema," alisema. "Kirudisheni kigoda ndani."

Justa akakaa chini palepale, akamlilia mumewe kwa mara ya kwanza. Brigita aliwatazama wote wawili, akaufuta uso wake kwa kiwiko, akaendelea kutwanga peke yake, haraka haraka, pepeta isije ikapoa.